Usizifute Zile Tatu

Mwanangu, jana usiku uliniwekea karatasi mezani, kando ya sahani ya ndagala, ukasema, "Baba, ipitie, kesho asubuhi naituma." Hukukaa. Ulisimama na simu mkononi kama abiria anayeogopa kuachwa na boti. Ulipotoka nilibaki nayo mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.

Grafu ni nzuri. Mkono wako ni safi kuliko wangu. Nimehesabu nukta 21. Kumi na nane zimekaa karibu na mstari uliouchora, na tatu umezipiga msalaba. Pembeni umeandika neno moja: makosa.

Nataka tuzungumze habari za hizo tatu. Kaa kwanza. Ugali hautakimbia.

Kazi yenyewe naielewa. Mlitoka na wenzako uwanjani hapa Baraka, mkapiga mpira, mara kwa kuukata ili uzunguke, mara kavu. Ukawachukua kwa video. Kutokana na video ukapata mwendo wa mpira, na kutokana na mwendo ukatafuta hewa inaurudisha nyuma kwa nguvu kiasi gani. Kisha ukaigeuza nguvu hiyo kuwa ile namba ya ukinzani, ambayo haina kilo wala mita, inayotuwezesha kulinganisha mpira wa hapa na mpira wa Ulaya. Wakati wangu hatukuwa na simu ya kupiga picha 30 kwa sekunde moja. Tulikuwa na gololi na mawese.

Nikusimulie ya mawese, maana ndiyo aibu yangu ya kwanza.

Ilikuwa kabla ya vita ya 1996. Nilikuwa mwalimu kijana, shati limepigwa pasi, haraka tele. Nilitakiwa kufundisha jinsi kimiminika kinavyozuia kitu kinachozama. Maabara hatukuwa nayo. Nikatafuta chupa ndefu nyembamba ya kioo, nikajaza mawese, nikachukua gololi ndogo za ekseli ya baiskeli. Unaiachia gololi juu, unatazama saa ya mkono mpaka iguse chini. Mawese yetu ni mekundu, hayaonyeshi vizuri, kwa hiyo tuliinua chupa tukaielekeza kwenye jua. Nilimpa kila mwanafunzi zamu yake, akapime nyumbani kwangu, aandike kwenye kaye, yaani daftari.

Wengi walikuja asubuhi. Mmoja alichelewa, kwa kuwa alikuwa ametoka ziwani na baba yake kuuza ndagala. Akapima saa saba mchana. Namba zake zilikuwa chini ya nusu ya za wenzake. Gololi ile ile, chupa ile ile. Nilimwita mbele ya darasa. Nikamwambia hakupima, amekaa chini ya mwembe akajitungia namba. Akasema, "Mwalimu, nilipima." Nikachana ukurasa wake.

Wewe umekulia kwenye mawese, unajua tayari kosa liko wapi. Asubuhi yameganda, yamekuwa mazito kama uji. Mchana jua likiwaka yanakuwa mepesi, yanamiminika. Mama yako anaweza kukuambia saa ngapi mafuta yanatoka chupani bila kupashwa moto. Mimi mwenye diploma ya fizikia nilisahau. Kila namba ya kaye ile ilikuwa na saa yake na joto lake, wala hakuna aliyeviandika, maana mwalimu hakuagiza viandikwe. Tena na chupa yenyewe ilikuwa nyembamba mno. Kuta zikikaribiana, gololi inazuiwa zaidi kuliko ingezuiwa kwenye pipa. Hata namba nilizozipenda hazikuwa namba za mawese peke yake. Zilikuwa namba za mawese ya asubuhi ndani ya chupa ile.

Miaka baadaye, kwa ajili ya vita, tukavuka Ziwa Tanganyika, kama wengi wa Fizi. Huko Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwenye foleni ya maji, nikakutana na kijana yule. Amekuwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Yale mawese yalikuwa ya mchana." Akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, nilikuambia nilipima." Ndoo zetu zikasogea, tukasogea nazo. Sikupata neno lingine la kumwambia.

Sasa kosa la pili, ambalo liko karibu zaidi na karatasi yako.

Tulikuwa bado kambini. Vijana walipenda mpira kuliko chakula, nami nikaona niwafundishe fizikia kwa kupitia huo. Nikafunga mpira wa ngozi kwa kamba mbili, nikauning'iniza kwenye tawi, urefu wa mita 3. Ukizisokota kamba, kisha ukauvuta mpira pembeni na kuuachia, mpira unabembea huku unazunguka. Vijana walishangaa: haurudi kwenye njia yake. Unapinda pole pole, kila mbembeo umehamia upande kidogo. Ukisokota kamba upande wa pili, nao unapinda upande wa pili. Hiyo ndiyo nguvu ya Magnus, uliyoisoma. Mpira unaozunguka huisukuma hewa iliyo nyuma yake upande mmoja, nayo hewa huusukuma mpira upande mwingine.

Nilidhani nimevumbua kitu. Baadaye nikasoma kwamba Mwingereza Benjamin Robins aliwahi kuning'iniza mpira kwa kamba zilizosokotwa hivyo hivyo, katika karne ya 18. Kitabu chake cha mizinga kilitoka 1742, na humo alisema risasi ya mviringo inapinda kwa sababu inazunguka. Euler, bingwa wa hesabu kuliko wote wa zama zake, alikitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1745, lakini jambo hilo hakulikubali. Aliona kupinda kunatokana na ubovu wa risasi yenyewe. Heinrich Gustav Magnus alikuja na majaribio yake karibu 1852, na jina likamwendea yeye. Robins alikuwa amekufa zamani. Wazee pia hupiga msalaba nukta za watu, mwanangu. Mimi mmoja wao.

Tuendelee na tawi. Nilihesabu mpira unabembea mara ngapi kabla haujapungua nusu, kwanza bila kuzunguka, kisha ukizunguka. Ukizunguka ulichoka mapema. Nikaandika ubaoni kwamba kuzunguka kunaongeza ukinzani, na nikaweka namba kubwa sana. Halafu, kwa kiburi, nikaichukua namba hiyo nikapiga hesabu ya mpira wa golikipa. Hesabu ikasema usingefika nusu ya uwanja. Vijana hawakubishana nami. Walitoka nje tu, golikipa akapiga, mpira ukadundia upande wa pili. Wakanigeukia wote pamoja.

Nilikosea mara tatu kwa siku moja. Kamba zikisokotwa hufupika, kwa hiyo bembea yangu haikuwa na urefu mmoja. Kamba hizo hizo, zikijikunjua na kujikunja tena, zilikuwa zinakula nguvu, nami nikaipa hewa lawama ya kamba. Hayo mawili ni ya fundi mzembe. La tatu ndilo la mtu anayesoma namba vibaya, na ndilo lako.

Mpira wa tawini ulikwenda labda mita moja na nusu kwa sekunde. Mpira wa golikipa unakwenda 20 na zaidi. Nilidhani tofauti ni ya haraka tu, nizidishe nimalize. Lakini hewa haioni mwendo peke yake. Inaona mwendo, na upana wa mpira, na mnato wake yenyewe, vyote kwa pamoja, na hicho ndicho tunachokiandika kama namba ya Reynolds. Kwa mpira wangu wa tawini namba hiyo ilikuwa karibu 18,000. Kwa mpira unaopigwa hapa Baraka kwa mita 20 kwa sekunde ni karibu 260,000. Kuzunguka nako vivyo hivyo. Tawini, ngozi ya mpira ilizunguka kasi kuliko mpira wenyewe ulivyosafiri. Kwenye frikiki ngozi huzunguka kama robo ya mwendo wa mpira. Nilikuwa nalinganisha mtumbwi na meli kwa sababu vyote vinaelea.

Na kati ya 18,000 na 260,000 kuna mteremko ambao umewaumbua wakubwa kuliko mimi.

Mwaka 1912, Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, alikuwa mzee wa miaka 79 au 80 akipima upepo katika maabara yake. Alipima ukinzani wa tufe. Huko Göttingen, Ujerumani, nao walikuwa wameupima. Namba ya Wajerumani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Paris. Göttingen wakadhani Paris wamesahau kuzidisha kwa mbili. Unaona? Hata wao walianza na neno ulilokwisha kuliandika pembeni. Eiffel hakubishana. Alirudi akapima kwa mwendo mbalimbali, mdogo hadi mkubwa, akaona mwendo ukipita kiasi fulani, namba ya ukinzani inaanguka ghafla. Wajerumani walipima kabla ya mteremko, yeye alipima baada yake. Wote walikuwa sahihi.

Ludwig Prandtl wa Göttingen ndiye aliyeeleza sababu, mwaka 1914. Hewa inayogusa tufe hutengeneza utando mwembamba. Mwendo ukiwa mdogo utando huo ni mtulivu, na utulivu wake ndio udhaifu wake: unabanduka mapema, unaacha nyuma ya tufe pango pana la hewa inayozunguka ovyo, na pango hilo ndilo linalovuta mpira nyuma. Mwendo ukikua, utando unachafuka, unapata nguvu kutoka kwenye hewa ya nje, unashikilia tufe mpaka nyuma zaidi. Pango linakuwa dogo. Kuthibitisha, Prandtl alilivika tufe pete ya waya mwembamba, ili kuuchafua utando kwa makusudi. Ukinzani ukashuka. Mtu anaongeza kikwazo, na tufe linapita kwa urahisi zaidi! Nilisoma habari hiyo mara tatu kabla sijaiamini.

Kwa tufe laini mteremko unaanza namba ya Reynolds ikifika laki 3 hivi. Mpira wa miguu una mishono, nayo mishono hufanya kazi ya waya wa Prandtl, kwa hiyo huteremka mapema, kati ya laki 2 na laki 3 kadiri ulivyoshonwa. Unakumbuka kelele za Jabulani mwaka 2010, jinsi makipa walivyolalamika Afrika Kusini? Ulikuwa na vipande 8 vilivyobandikwa kwa joto, laini kuliko ule wa vipande 32 tuliouzoea. Ulaini huo uliusogeza mteremko kwenye mwendo mkubwa zaidi, karibu kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa frikiki. Mpira usiozunguka ukipita hapo, unayumba. Makipa hawakuwa wanatafuta visingizio. Walikuwa wanasoma data kwa mikono.

Sasa vuta karatasi yako karibu.

Nukta zako 18 zina mwendo chini ya mita 18 kwa sekunde, na namba yao ya ukinzani iko karibu na 0.45. Zile tatu ziko karibu na 0.2. Nimefungua kaye yako, nimetazama nani alipiga. Zote tatu ni za kijana mmoja, yule mrefu, anayepiga kwa mguu wa kushoto. Zote tatu zimepita mita 21 kwa sekunde. Hakuna mwingine katika kaye yote aliyefika huko. Umezifuta kwa sababu hazifanani na wenzao, na hazina wenzao.

Sisemi ziko sahihi. Nimeshaumia kwa kuamini upesi kama nilivyoumia kwa kukataa upesi. Nasema uzihoji. Angalia, kwa mwendo wa mita 20, namba ikiwa 0.45, hewa ya hapa inaurudisha mpira kwa nguvu ya niutoni 3.7 hivi, karibu sawa na uzito wa mpira wenyewe. Namba ikiwa 0.2, ni niutoni 1.6. Kwa nguvu hiyo ndogo, mpira unabaki nyuma ya pale ambapo ungekuwa kwa milimita 2 tu hivi kati ya picha moja na inayofuata. Milimita 2! Na wewe unaweka alama ya katikati ya mpira kwa kidole, juu ya kioo cha simu, pengine unakosea sentimita 5. Ukilinganisha picha na jirani yake unasoma kidole chako, si hewa. Chukua safari nzima ya mpira, nusu sekunde, sekunde nzima, hapo upungufu unaonekana wazi. Ukifanya hivyo zile tatu zikipanda mpaka 0.45, basi zilikuwa za kidole. Zikibaki chini, usiniletee mstari ulionyooka tena.

Kuna jambo dogo jingine. Umetumia uzito wa hewa wa kitabuni, kilo 1.225 kwa kila mita moja ya ujazo. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari, yenye baridi ya nyuzi 15. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari, na joto letu unalijua. Hewa ya Baraka ni karibu 1.08. Kwa kosa hilo tu, penye 0.45 wewe ungeandika 0.40, na kesho ungesema mipira yetu ni laini kuliko ya Wazungu. Kule Minembwe, zaidi ya mita 2000, hewa ni nyepesi zaidi, karibu 0.9. Ndiyo maana vijana wa milimani wakishuka kucheza huku wanasema mpira wetu ni mzito. Mpira ni ule ule. Andika juu ya kila karatasi: wapi, saa ngapi, joto gani. Nakuomba kwa ajili ya yule wa mawese.

Na siku utakapopima kupinda, ukaona mpira laini umepinda upande usioutarajia, usikimbilie msalaba. Hayo nayo yamekwisha kuonekana. Mwaka 1949 mtu aitwaye Davies aliangusha mipira ya gofu inayozunguka ndani ya mkondo wa upepo, akapima ilipotua. Mipira yenye vishimo ilikwenda upande unaotegemewa. Mpira laini, ukizunguka pole pole, ulikwenda kinyume. Utando wa upande mmoja ulikuwa umechafuka, wa upande mwingine bado mtulivu. Mteremko ule ule, safari hii kwa upande mmoja wa mpira tu.

Najua unataka kuituma leo. Mtandao ukipatikana hapa kwetu ni kama mvua ya Septemba, mtu hapendi kuuacha upite. Mimi pia nilikuwa hivyo, nilitaka ubao ujae kabla kengele haijalia. Lakini ukituma mstari huo, atakayeupokea hatajua kwamba nukta tatu zilikuwepo. Umemchania ukurasa.

Mwite yule kijana wa mguu wa kushoto. Apige mara 20, jioni, upepo wa ziwa ukishatulia. Mara 10 akiukata, mara 10 kavu. Nitakuja na kiti changu, nishike kaye, niandike saa. Karatasi yako nimeiacha chini ya taa. Misalaba nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na neno lile la pembeni nimelikata mstari mmoja, ili bado lisomeke.